Ugali Mwekundu wa Mzee Kasmir

Kile kifuniko tulichokiacha hewani wiki iliyopita, mkononi mwa mhudumu mwenye kucha ndefu, sasa kimeshuka mezani. Chini yake kulikuwa na ugali, na ugali wenyewe ulikuwa wa njano.

Haikuwa njano ya kuona haya. Ilikuwa njano ya jezi, njano ya bendera zinazopepea Jangwani siku ya mechi, na ilikuwa ikifuka mvuke mbele ya pua ya Mzee Kasmir, mshabiki wa timu nyekundu ya Msimbazi, wa damu na wa kuzikwa.

Mzee Kasmir hakupaza sauti. Alivuta kiti nyuma, akasimama, akaiweka sawa kichwani ile kofia yake nyekundu ya kufuma.

"Kijana," alisema, "umenileta hapa kunilisha au kunitukana?"

Kwa faida ya wale ambao wiki iliyopita walikuwa kwenye foleni ya sukari na gazeti likawapita, tueleze upesi. Isidori ni karani wa shirika moja la umma, kijana wa suruali yenye mkunjo mkali. Alisoma shule ya bweni, akatoka huko na Kiingereza cha kutosha kusoma menyu na dharau ya kutosha kuichana. Anamtaka Blandina. Blandina anamtaka yeye. Tatizo ni baba yake Blandina, Mzee Kasmir huyu huyu, aliyeteremsha mizigo ya meli bandarini mpaka mgongo wake wenyewe ukaomba kustaafu.

Posa ilipofika kwake, mzee alijibu kwamba yeye hatoi jibu la maana akiwa na njaa. Kijana anajisifu kuzijua hoteli zote mpya za mji huu? Vizuri. Na amtoe, amlishe huko anakojua, na akishashiba atasema ndiyo au hapana. Asiposhiba, alasiri hiyo hiyo wajumbe wa Elisaria watabisha hodi na posa ya pili. Elisaria ni dereva wa lori, ana kitambi kabla ya wakati, na ana ndugu katika kila ghala la chakula kuanzia Pugu mpaka Kivukoni.

Kuna jambo moja ambalo Mzee Kasmir halijui, na Blandina ameapa kutolisema. Kila mechi kubwa, upande wa Jangwani, kuna kijana aliyejipaka uso kijani na njano hata mama yake asimtambue, anapiga ngoma kubwa kuliko zote. Kijana huyo, siku za kazi, huvaa suruali yenye mkunjo mkali.

Mzee Kasmir, kwa upande wake, hali papai bivu. Yai anakula weupe, kiini anampa paka, na paka huyo ana afya nzuri kuliko watu wengi wa Kariakoo. Hata jua hulisifia jioni tu, likishakuwa jekundu. Na mwaka huu, kama kwa kumkomoa yeye peke yake, nchi imeletewa unga wa njano kutoka ng'ambo. Watu wa mji huu, ambao hawawezi kuona kitu wasikibandike jina, waliuita Yanga, kwa jina la timu ya Jangwani, siku ile ile ulipoteremshwa. Sembe nyeupe imekuwa kitu cha kusimuliana. Ukimkaribisha mtu ugali leo, unamkaribisha Yanga.

Isidori alilijua hilo. Ndiyo maana alikuwa amemfuata mapema mwenye hoteli, bwana mmoja aitwaye Augustino, na kuhakikishiwa kwamba sembe nyeupe ipo, tena ya kumwaga. Sasa alimwita akamuuliza iko wapi. Augustino alifuta mikono kwenye shati, akaeleza kwa huzuni kubwa kwamba jana walipita wageni rasmi, wakala kirasmi.

Isidori aliitazama hoteli hiyo kwa mara ya mwisho. Hoteli Mpya ya Mkombozi, Mtaa wa Mkunguni, ilifunguliwa kwa hotuba na ngoma ya kikundi cha akina mama. Meza zake zina vitambaa vya nailoni vilivyochapwa picha za mananasi na zabibu, na hayo ndiyo matunda pekee yatakayoonekana humo. Nzi wake ni wazoefu; hawaruki ovyo, wanasubiri sahani zifike. Nchi imeambiwa ifunge mkanda, na Augustino amewafungia wateja wake bila hata kuwapima viuno.

"Baba, tuondoke," alisema Isidori. "Hapa tulipita tu kunawa mikono. Ninakokupeleka ni kwingine kabisa."

Mzee alimtazama kwa mashaka, lakini njaa ni mshauri mzuri. Akamfuata.

Walikwenda mjini. Kwingine kwenyewe kulikuwa Mgahawa wa Upeo, ghorofa ya juu kabisa ya jengo moja Mtaa wa Samora, uliosifiwa mwezi mzima na watu ambao hawajawahi kuufikia. Sababu ya kutoufikia waliigundua chini ya ngazi: lifti ilikuwa imepumzika. Mzee Kasmir, ambaye alidhani mwisho wa kupanda ngazi na tumbo tupu ulikuwa siku aliyoagana na meli, alipanda kimya. Kila ghorofa ilimtoa Isidori jasho jipya, kwa sababu alisikia nyuma yake pumzi za mtu anayebadilisha jibu.

Mhudumu wa Upeo alivaa glavu nyeupe, na kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kimetoka nje kuangalia hali ya hewa. Aliwapa menyu kubwa kama mlango. Yote ilikuwa kwa Kiingereza, na Isidori, akikohoa kidogo kama mwalimu wa zamu, alianza kumsomea mkwe wake kwa kutafsiri.

Kuku wa kuoka? Mhudumu aliinama akasema kuku ameisha. Samaki? Samaki hakupatikana, jambo la ajabu kidogo kwa kuwa kupitia dirishani waliiona bahari yote. Nyama? Nyama ilikuwa ya wiki ijayo. Isidori aliuliza kwa adabu ya hatari kama menyu ile ni orodha ya vyakula au tangazo la misiba.

Mhudumu hakuchukia. Alisema wageni wengi huja kwa ajili ya upepo.

"Upepo hata Jangwani upo," alisema Mzee Kasmir, na Isidori alishtuka kusikia jina hilo kama mwizi anayesikia mtu akipiga chafya gizani. "Una nini cha kutia mdomoni, ndugu?"

Hapo mhudumu alitabasamu kwa mara ya kwanza. Alisema kuna kitu kimoja, cha fahari ya nyumba, kilichopikwa na mpishi aliyewahi kupika kwenye meli. Akaenda, akarudi na bakuli mbili za kioo, akaziweka mezani kwa vidole viwili kama anayeweka taji.

Ndani ya bakuli kulikuwa na kastadi. Ilitetemeka. Ilikuwa laini, ilikuwa tamu bila shaka, na ilikuwa ya njano kuliko ule ugali.

Mzee Kasmir aliitazama mpaka ikaacha kutetemeka.

"Hata huku juu wamefika," alisema, akashika ngazi.

Kituo kilichofuata kilikuwa mtaa wa Gerezani, Baa ya Chemchem, ambayo ina kila kitu cha baa isipokuwa kinywaji. Rangi ya ukutani ilikuwa bado inanuka. Viti vilikuwa vipya, vya chuma, vya aina ile inayomkumbusha mtu kwamba binadamu naye ana mifupa. Spika mbili kubwa zilikuwa zikipiga dansi kwa nguvu ya kuangusha dari, ili wateja wasisikie matumbo yao.

Isidori aliagiza bia mbili baridi na nyama choma. Mhudumu, dada mmoja mrefu aitwaye Celina, hakusogea. Aliuliza chupa tupu ziko wapi.

"Tumekuja kunywa, dada, si kuuza chupa."

"Bila chupa tupu hakuna chupa iliyojaa, kaka. Ndiyo utaratibu. Leta tupu, chukua nzima."

Isidori alinyoosha mkunjo wa suruali, dalili kwamba anakaribia kukasirika kisomi. Akamuuliza mtu anayeanza maisha, ambaye hajawahi kuwa na chupa, ile tupu ya kwanza huipata wapi.

"Kwa kunywa," alisema Celina, akaenda kuongeza sauti ya spika.

Ikabaki nyama. Nyama ilikuwepo, tena yote, imefungwa kamba kwenye nguzo ya uani, inawatazama. Mwenye kisu alikuwa amekwenda kuazima kisu. Mzee Kasmir alisimama mbele ya yule mbuzi kwa muda, na Isidori akaanza kutumaini kwamba labda watangoja. Kisha mbuzi akanyoosha shingo, akachuma ua kubwa la njano uani pale, akalitafuna taratibu huku akimtazama mzee usoni.

"Na huyu naye," alisema Mzee Kasmir.

Wakatoka. Jua lilikuwa limeshavuka utosi. Mzee hakuongea tena, na Isidori angeona afadhali atukanwe. Barabarani lilipita lori limejaa magunia, na mzee akaligeuzia shingo, akalisindikiza kwa macho mpaka likapotea. Lori hilo huenda lilikuwa la mtu mwingine yeyote. Isidori aliona ni la Elisaria.

Ilibaki sehemu moja tu. Isidori alikuwa ameiacha ya mwisho kwa sababu aliidharau kuliko zote, na kwa sababu nyingine ambayo itaeleweka sasa hivi.

Mgahawa wa Tumaini Jipya uko pembeni ya Mtaa wa Sikukuu. Upya wake ni ubao wa mlangoni. Vingine vyote vimerithiwa kutoka kwa fundi baiskeli aliyehama. Ukuta una alama za gurudumu. Supu yao, wanaojua wanasema, bado ina ladha ya mafuta ya mnyororo. Lakini watu wanajaa, kwa sababu jikoni yupo Mama Zamda, anayepika kwa wingi na kwa hasira, na mezani yupo Benjamini, mhudumu mwenye sauti kuliko wote Kariakoo.

Benjamini hapeleki oda jikoni kwa miguu. Jiko la Mama Zamda ni la mafuta ya taa, linavuma kama ndege inayotaka kuruka, na mwenyewe hasikii kitu mpaka apigiwe kelele. Kwa hiyo mteja akinong'ona anataka chai, Benjamini hugeuza shingo tu na mtaa mzima unajua. "Chai mbili, moja kavu!" "Maharage nusu, huyu anadaiwa!" Hakuna siri ya tumbo inayodumu Tumaini Jipya.

Sababu ile nyingine ni hii: Benjamini ni wa Jangwani. Siku za mechi yeye hupuliza tarumbeta, na anayepiga ngoma kubwa kando yake, uso kijani na njano, msomaji anamjua.

Isidori alimkalisha mkwe wake pembeni, akasema anakwenda kuangalia usafi wa jikoni. Alipopita alimkonyeza Benjamini, Benjamini akafunga mdomo aliokuwa ameshaufungua kumsalimia, na wote wawili wakaingia kwenye moshi.

Hali ilikuwa ile ile. Sufuria la Mama Zamda lilikuwa na ugali wa Yanga, na Yanga tupu. Isidori aliutazama. Kisha macho yake yakaangukia kapu la nyanya masalo, zile zilizopondeka ambazo wauzaji wa sokoni huzitoa kwa bei ya kuzionea huruma, na kando yake chupa ya mawese kutoka Kigoma, mekundu kama wino wa mwalimu.

Hapa inafaa kukumbuka kwamba kijana huyu, akiwa bweni, aliwahi kuwashawishi kidato cha kwanza chote kwamba wadudu walio kwenye maharage ni mboga ya pili, na kwamba asiyewamaliza ataandikwa na kiranja. Walimaliza. Kipaji kama hicho hakipotei kwa sababu tu mtu ameajiriwa.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Toka kwenye jiko langu."

Isidori alieleza anachotaka: zile nyanya zipondwe, zichemshwe na mawese, na ugali usongwe upya humo mpaka uwe mwekundu.

Mama Zamda aliinua mwiko. "Ugali unatiwa nyanya? Mwanangu, kwenu ni wapi?"

"Bweni, mama."

Mama Zamda alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyepewa maelezo yote, akaanza kuponda nyanya. Kwa Benjamini ilikuwa kazi zaidi. Isidori alimwagiza kwamba chakula hicho kina jina, jina lake ni Ugali wa Msimbazi, na kwamba mbele ya yule mzee mwenye kofia nyekundu asitamke jina jingine lolote.

Benjamini alishika kifua. "Mimi? Kwa mdomo huu huu unaopuliza tarumbeta?"

"Kwa ajili ya Blandina."

Benjamini alimjua Blandina. Kila aliyemwona Blandina anaelewa kwa nini Benjamini aliapa, polepole, kama anayekunywa kwinini.

Sahani ilifika mezani nyekundu. Tuseme ukweli, ilikuwa nyekundu ya udongo wa Pugu baada ya mvua, yenye mabonge na michirizi, lakini hakuna mtu mwenye macho angeiita njano. Mzee Kasmir aliinama juu yake. Akauliza kinaitwaje.

"Ugali wa," alisema Benjamini, akameza mate, "Msimbazi."

Mzee alivua kofia, akaiweka magotini, akanawa, akakata tonge. Alipolimeza, machozi yalimlengalenga, na si ya pilipili. Alimwambia Isidori kwamba amekula mji huu tangu ukiwa na taa za mafuta, na hajawahi kuona nyumba ya chakula inayomheshimu mtu kiasi hiki. Akala. Akageuka kumweleza jirani wa meza ya pili, ambaye alikuwa mgeni kwake kabisa, kwamba Kariakoo sasa imestaarabika. Jirani naye akaagiza. Meza ya tatu nayo ikaagiza.

Isidori alionja kidogo kwa ajili ya adabu. Kilikuwa kitu kibaya. Kilikuwa na ladha ya uji uliogombana na supu wakatenganishwa kwa mafuta ya taa. Aliwatazama wale waliokuwa wakiking'ang'ania, akawadharau wote kwa moyo mkunjufu: mji huu ukiubandikia ukuta jina zuri, utautafuna. Alimdharau hata mkwe wake mtarajiwa, kidogo, kwa upole, kama mtu anavyomdharau samaki aliyekwisha nasa.

Sahani ya kwanza ikaisha, ikaja ya pili. Ya pili ilipoisha, Mzee Kasmir aliegemea kiti, akaachia mkanda tundu moja, jambo ambalo siku hizi halionekani mjini.

"Sasa, mwanangu," alisema.

Isidori alisikia neno mwanangu, akasogeza kiti karibu.

"Kuhusu Blandina. Mimi nilisema sijibu nikiwa na njaa, na leo umenizungusha mpaka nikaona umenikusudia mabaya. Kumbe ulikuwa unanitafutia hiki. Basi jibu langu ni hili." Akajipima tumbo kwa kiganja. "Ngoja. Bado kuna nafasi kama ya ngumi hapa upande. Sitaki kujibu nusu nusu. Ndugu, niongezee kidogo."

Benjamini wakati huo alikuwa amebeba sahani mkono huu na birika mkono ule, na kila meza ilikuwa ikimwita. Kiapo chake kilikuwa kichwani. Lakini oda hazipiti kichwani kwa Benjamini. Hutoka tumboni moja kwa moja. Aligeuza shingo.

"Mama Zamda! Yanga ya kupaka rangi, moja! Mzee wa Msimbazi anaongeza!"

Hata jiko la mafuta ya taa lilionekana kupunguza kuvuma.

Kisha mtu mmoja karibu na dirisha, mwenye kofia ya kijani iliyochakaa, aliweka kijiko chini kwa uangalifu wa padri. Akapiga meza mara moja. "Anaongeza," alisema. Akapiga tena. Mwenzake akadakia. Kufumba na kufumbua mgahawa mzima, na nusu yake walikuwa wa Jangwani, ukawa unapiga meza kwa mdundo mmoja: anaongeza, anaongeza, mzee anaongeza. Waliopita nje walichungulia kujua nani anaongeza nini, wakaelezwa, wakaingia kuona kwa macho.

Mzee Kasmir alikuwa ameshika tonge la mwisho hewani. Hakulila wala hakuliweka. Chuzi jekundu lilikuwa kidevuni, na kofia ilikuwa bado magotini, hivyo kipara chake kilikuwa wazi mbele ya watu, kidogo na kizee. Kesho habari itakuwa imefika klabuni, kwenye ile benchi ya wazee wenzake wa Msimbazi anapokaa kila jioni. Hawatamwita tena Kasmir. Watamwita Anaongeza. Watamzika kwa jina hilo.

"Wamenimaliza," alisema kwa sauti ndogo, hata hakujua anamwambia nani.

Isidori alimtazama, akatafuta dharau yake ya kawaida, ile ya kuchania menyu. Haikuwepo. Kulikuwa na mzee aliyekula kwa furaha kitu kibaya kwa sababu alidhani hatimaye kuna mtu amempikia yeye.

Njia ya kumtoa pale ilikuwa moja, na Isidori aliiona yote kuanzia mwanzo mpaka mwisho, pamoja na Blandina akipanda lori upande wa pili. Akasimama. Akapiga meza kwa ngumi, pigo la mtu aliyezoea ngoma, na mdundo wao ukakatika.

"Sahani ni yangu," alisema. "Wa Jangwani ni mimi. Huyu mzee amekataa Yanga tangu asubuhi, mitaa yote mnaweza kwenda kuuliza, na hapa nimemtega kwa rangi kwa sababu ya utundu wangu. Aliyeagiza Yanga ni mimi. Na anayeongeza ni mimi."

Akaivuta sahani mpya kutoka mkononi mwa Benjamini, akakaa, akaanza kula. Alikula tonge baada ya tonge kile alichokuwa amekidharau, bila kukunja uso, na hiyo kwa kweli ilikuwa adhabu tosha. Mgahawa ukalipuka upya, safari hii kwa furaha. Kumbe ni mwenzetu. Mtega wazee huyo. Mtu wa kofia ya kijani alikuja kumpa mkono. Hakuna aliyemtazama tena Mzee Kasmir, ambaye alifuta kidevu, akavaa kofia yake, akakaa kimya mpaka kelele zikahamia kwenye mambo mengine.

Ndipo akainama kuvuka meza.

"Kijana. Hiyo ya Jangwani. Ni kweli, au ulikuwa unaniokoa?"

Isidori aliacha kutafuna. Macho ya mzee yalikuwa yanamwomba jibu moja kati ya mawili, na yalikuwa yanaliomba wazi wazi. Mbele ya mkuu wa shule Isidori aliwahi kuapa kwamba mbuzi aliingia ofisini mwenyewe, kwa hiari yake, na akafunga mlango. Aliaminiwa. Lakini mkuu wa shule hakuwa na chuzi kidevuni, wala hakuwa na Blandina.

Nje, Mtaa wa Sikukuu, lori lilipiga honi.

"Nilikuwa nakuokoa, baba," alisema Isidori.

Mzee Kasmir alifumba macho, akayafumbua. Akamshika bega kwa mkono ule uliobeba nusu ya mizigo ya nchi hii, akalibana mpaka likauma. Alisema mtu anayekubali kuitwa wa Jangwani, mbele ya watu, mchana kweupe, kwa ajili ya heshima ya mzee wa watu, huyo hata mtoto wa kumzaa mwenyewe hamfikii. Wajumbe wa Elisaria waje, watapewa maji ya kunywa na njia ya kurudia.

"Blandina ni mkeo," alisema. "Nimeshiba, nimejibu. Ndugu, tuletee maji ya kunawa."

Benjamini alikuja mbio na birika na bakuli. Alikuwa na uso wa mtu aliyeua bila kukusudia na sasa anatafuta namna ya kufidia. Akaanza kummiminia mzee maji kwa heshima kubwa, na huku akimiminia alimwinamia Isidori sikioni ili amwambie jambo la siri, la kumliwaza, kwa mnong'ono. Lakini huyu ni Benjamini, na mnong'ono wake ulifika mpaka jikoni.

"Nisamehe, ndugu yangu. Ila usijali, ngoma yako nimeiwamba ngozi mpya. Jumapili utaipiga mpaka Msimbazi wahame mji."

Maji yaliendelea kumiminika. Mzee Kasmir aliacha kunawa.